Nilibandua Ukuta Ambao Dada Yangu Alikuwa Anausomea Ulaya

Kabla hamjaanza kunionea huruma, nisikilizeni kwanza: kosa ni langu. Sikusingiziwa, sikulewa, wala sikurogwa. Nilikuwa na akili zangu zote mbili, mwiko mkononi, na bado nikafanya.

Mimi ni fundi lipu hapa Kibaha. Darasa la saba nilimaliza kwa neema ya Mungu na huruma ya mwalimu wa zamu. Jina sitaji, maana nimepiga lipu nyumba nyingi huku na sitaki wenye nyumba waanze kugongagonga kuta zao.

Nina dada mmoja, tumbo moja. Yeye alibeba akili zote za nyumbani, mimi nikaachiwa mdomo. Mtaani wanamwita Injinia. Kila siku anawaambia, "Mimi si injinia, ni msanifu majengo," na kila siku wanamjibu, "Sawa, injinia." Alisoma chuo hapahapa nchini, akapata ufadhili, akapanda ndege kwenda Ureno kusomea kupanga miji na kuhifadhi majengo ya kale.

Kuhifadhi majengo ya kale! Jamani! Mimi maisha yangu yote watu wananiita nikayafiche majengo ya kale. "Fundi, njoo hapa ukuta umechoka, ufanye uonekane mpya." Halafu kumbe kuna chuo Ulaya mtu anafundishwa kinyume chake, na anapewa cheti!

Alikuwa ananipigia simu kila Jumapili baada ya kanisa. Namuuliza, "Dada, wiki hii umesoma nini?"

"Tumechora mlango."

"Na wiki iliyopita?"

"Mlango huohuo. Tulikuwa tunaupima."

"Wiki mbili mlango mmoja? Mimi wiki mbili nakujengea choo, na Jumapili ya pili watu wameshaanza kukitumia."

"Ndiyo maana vyoo vyako vinaegemea," ananijibu. Hana adabu yule.

Akaniambia kule mwenye nyumba akitaka kubadili rangi ya dirisha lake, dirisha lake mwenyewe alilolinunua, lazima aombe kibali. Akaniambia kuna siku darasa zima lilisimama mbele ya ukuta uliobanduka, wakauangalia mpaka saa ya kula, na hakuna hata mmoja aliyeuziba.

"Huko saruji imeisha?" nikamuuliza. "Niwatumie mfuko?"

Akanitumia na picha. Nyumba za huko, kuta zake za nje zimebandikwa vigae toka chini mpaka juu. Vigae vya bluu, vya maua, vya ndege. Zile picha nikaziangalia sana. Hizo picha mzikumbuke, zina kesi.

Sasa twende Msimbu, wilaya ya Kisarawe. Huko ndiko anakoishi bibi yetu, mama yake baba. Nyumba anayokaa aliijenga baba yake, aliyekuwa mwalimu wa dini kanisani. Ni nyumba ya fito na udongo, imeshindiliwa mawe, juu ikapigwa lipu ya chokaa. Na lipu yenyewe hawakupiga mafundi. Walipiga akina mama wa kijiji, kwa mikono. Walipomaliza ukuta wa mbele, kila mama akabandika kiganja chake kwenye chokaa mbichi. Viganja vimejaa juu ya baraza, vikubwa, vidogo, kimoja hakina kidole cha shahada. Bibi alikuwa mtoto, mama yake akamnyanyua, na yeye akabandika chake pembeni ya mlango.

Sisi tumekua tunaviona. Ukiviona kila siku huvioni tena.

Dada yeye aliviona kutoka Ureno. Akamwambia profesa wake kwamba kwao kuna ukuta umesainiwa na mafundi wake wote, na mafundi wenyewe ni wanawake wa kijijini. Profesa, mama mmoja wa kizungu, akasema nitakuja nione kwa macho yangu.

Dada akanipigia, na safari hii hakucheka.

"Sikiliza mdogo wangu. Agosti nakuja na profesa na wanafunzi wanne. Akiukubali ule ukuta, hiyo ndiyo kazi yangu ya kumalizia masomo. Nina picha mbili tu za simu, hazitoshi, tunakuja kuupima na kuuchora wote. Akiukataa, naanza upya, na ufadhili wangu unakwisha Desemba. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

"Fyeka majani. Fagia uwanja. Ukuta usiguse."

"Siugusi."

"Rudia."

"Ukuta sigusi, Dada. Kwani mimi mtoto?"

Haya. Mmesikia wenyewe. Hakuna sehemu hapo alipong'ata maneno. Hakuna mahali naweza kujificha.

Bibi naye alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili. Alikuwa anatembea ndani ya nyumba yake kwa kupapasa. Akifika mlangoni anaweka mkono kwenye kile kiganja chake cha utotoni, anajua amefika. Julai shangazi akamchukua, akaja kukaa naye Kibaha ili atibiwe. Mimi nikaachiwa ufunguo wa Msimbu na kazi ya kufyeka.

Nikafyeka. Siku moja tu, nikamaliza. Nikakaa barazani nikapumzika, nikageuka nikaiangalia ile nyumba.

Wee! Ukuta umepasuka hapa, umebanduka pale, chini umeliwa na mvua. Nikasema moyoni, wageni wanatoka Ulaya, wanapanda ndege, wanakuja kuonyeshwa hiki? Si watasema ukoo wetu hauna mwanaume?

Na hapa ndugu zangu naomba mnielewe, maana na nyinyi mmesoma shule kama zangu. Shule ya msingi nilichofundishwa kikanikaa sawasawa ni kimoja tu: mgeni akija, paka rangi! Darasa la sita tulisikia mkuu wa wilaya anakuja. Wiki nzima hatukufungua daftari. Tulipaka chokaa mawe ya njiani, tukapaka miti mpaka kiunoni, tukapaka ndoo ya kunawia. Mkuu wa wilaya hakutokea. Lakini mawe yalipendeza! Hesabu nimesahau, mawe nayakumbuka mpaka leo.

Hiyo ndiyo sababu ya kwanza, na ndiyo niliyokuwa nawaambia watu. Ya pili sijawahi kumwambia mtu, nawaambia nyinyi kwa sababu hamnijui. Nilikuwa na wivu. Mtu anachora mlango wiki mbili anaitwa Injinia. Mimi nasimamisha kuta kwa mikono yangu, naitwa "we fundi, hebu sogeza ndoo." Nikataka yule profesa afike, aguse lipu yangu, aulize, "Nani amefanya kazi hii?" Na dada yangu ajibu, "Mdogo wangu." Basi. Nilitaka kusikia hayo maneno mawili.

Nikampigia rafiki yangu Side, fundi vigae wa Maili Moja. Akaja na pikipiki yake.

Side akauangalia ukuta, akakuna kichwa. "Oya, hivi viganja vipi?"

"Vinabanduka hivyo, saruji haitashika juu yake. Tunaondoa."

"Bibi yako hatasema?"

"Bibi haoni."

Nilisema hivyo! Nilisema hivyo kwa mdomo wangu huu huu, na nikacheka!

Tukashika tindo na nyundo. Lipu ile ilikuwa ngumu, isikieni hiyo, ilikuwa ngumu kuliko ya kwangu ya mwaka jana. Vingine vilitoka vipandevipande, vingine vilitoka vizima kama sahani. Tukatupia kwenye toroli, Side akaenda kuziba shimo la njiani ambalo pikipiki zilikuwa zinadumbukia. Watu wakatushukuru kwa moyo wa maendeleo.

Nikapiga lipu ya saruji. Nikapiga skimu, lile tabaka jembamba la juu, mpaka ukuta ukalainika kama yai. Juu rangi ya krimu, chini mstari wa maruni. Baraza ya udongo tukaifunika vigae vya bluu vyenye maua, kwa sababu gani? Kwa sababu ya zile picha! Nilijua wazungu wa Ureno wakiona vigae watajisikia nyumbani.

Dada akipiga simu, "Nitumie picha ya ukuta," nasema kamera ya simu imepasuka. "Kila kitu kiko sawa?" Nasema, "Dada, utalia kwa furaha."

Nusu yake ilitimia.

Siku yenyewe ikafika. Wageni walitaka kupanda treni ya umeme, wakashukia Soga, wakakodi Noah, wakapitia Kibaha kumchukua Bibi. Macho yake yalikuwa yameshatibiwa, bandeji imetoka, anasoma mpaka vibao vya barabarani kwa sauti. Mimi niko Msimbu nawasubiri nimevaa shati la harusi ya mtu, mwiko mkononi.

Noah ikasimama. Akashuka dada yangu. Akashuka profesa, mama mtu mzima, ana kofia na begi la mgongoni. Wakashuka wanafunzi na vipimo vyao, na ngazi, na karatasi kubwa zimekunjwa.

Dada akaangalia nyumba. Akaangalia nyumba ya jirani. Akaniangalia mimi.

"Ukuta uko wapi?"

"Huo hapo!" nikasema, nimekenua meno yote.

"Nakuuliza ukuta uko wapi."

"Dada, si huo, una miguu uondoke?"

Akaenda, akaweka mikono yote miwili kwenye lipu yangu, akaipapasa taratibu, kama Bibi alivyokuwa anapapasa. Akapapasa pembeni ya mlango. Akachuchumaa. Dada yangu mbele ya mwalimu wake na wanafunzi wenzake akachuchumaa chini akajifunika uso.

Profesa akamuuliza kitu kwa lugha yao. Dada akajibu neno moja. Profesa akasogea kuangalia karibu, akakanyaga vigae vya maua, na vigae nilikuwa nimevimwagia maji ving'ae. Mguu ukaenda Kisarawe, mwingine ukaenda Kibaha. Wanafunzi wakamdaka. Kofia ikaanguka ndani ya ndoo yangu ya rangi.

Katika hali ya kawaida ningecheka mpaka nilale chini. Siku ile nikaenda kuitoa kofia kwenye rangi.

Bibi ndiye alishuka wa mwisho. Akatembea mpaka mlangoni kwake mwenyewe, akasimama. Akainua mkono kutafuta kiganja chake. Mkono ukateleza. Akautazama ukuta kwa macho yake mapya, juu mpaka chini.

Akasema, "Hodi?"

Akarudi hatua moja nyuma, kama mgeni.

"Hodi wenyewe! Hapa ni kwa nani?"

Nikasema, "Shikamoo Bibi. Ni kwako, Bibi. Nimekutengenezea."

"Marahaba." Akanigeukia. "Kwa hiyo nimetibiwa macho nione hiki?"

Hakuingia ndani. Akatandika mkeka uwanjani, akawakaribisha wageni wake hapo chini kwa heshima zote, wakala mihogo na chai, na mimi hakuna aliyeniambia nile wala nisile. Profesa alikuwa mstaarabu. Kabla ya kuondoka akamwambia dada maneno machache, na dada akanitafsiria huku anaangalia pembeni: "Anasema lipu yako imenyooka sana."

Ndugu zangu, nilichokuwa nakitaka nilikipata. Hakikuwa na chumvi.

Waliporudi Ureno, kazi ya dada ikakataliwa. Si kwa ubaya, ni kwamba cha kupima hakipo. Desemba ufadhili ukakwisha, kazi ya kumalizia masomo hana. Akabaki Ureno kwa nguvu zake, mchana anaosha vyombo hotelini, jioni anatafuta cha kuandika. Simu za Jumapili zikakoma. Nikituma ujumbe, alama za bluu zinaonekana, jibu hamna. Nikamtumia vichekesho, hamna. Nikamtumia picha ya choo changu kilichoegemea, hamna! Hapo ndipo nilijua mambo ni mazito.

Halafu masika ikaja. Ukuta wangu mzuri wa krimu ukaanza kutoka jasho. Nikadhani ni rangi. Ukaanza kuvimba, kama mtu aliyekula ubwabwa wa misiba miwili. Bibi alikuwa amesharudi kukaa kwake; siku moja yuko jikoni nyuma, akasikia kishindo. Lipu yangu imejimwaga chini nzimanzima, na udongo wa ndani umelowa, umekuja nayo. Pembe ya chumba chake ikawa wazi. Angekuwa amelala hapo, leo ningekuwa naandikia jela.

Nikampigia dada. Nikapiga mara kumi na moja. Ya kumi na mbili akapokea.

"Bibi mzima?" Ndiyo neno lake la kwanza baada ya miezi yote hiyo.

"Mzima. Ukuta ndio umekufa. Dada, nisamehe. Nilifanya kwa wivu. Nilitaka mzungu wako anisifie."

Nikasikia sahani zinagongana kwa nyuma.

"Unajua kwa nini umeanguka?" akasema.

"Mvua."

"Mvua imenyesha pale toka Bibi hajaolewa. Udongo unakunywa maji na unayatoa. Chokaa inauacha upumue. Wewe umemvalisha mtu koti la plastiki, halafu unashangaa ameoza ndani."

"Hayo ndiyo unayosoma huko?"

"Ndiyo hayo, kichaa wewe. Ulidhani nachora milango tu?"

Nikalia. Sikulia msibani kwa babu, nikalia kwa habari ya lipu.

Akaniambia kitu kimoja cha kufanya. "Kifusi ulitupa wapi?"

Basi kama mwaka huu ulipita Msimbu ukaona kijana anachimba barabara kwa jembe huku madereva wa bodaboda wanamzomea, ndiye mimi. "We fundi, umepoteza dhahabu?" "Ee, nimepoteza dhahabu, sogeza pikipiki." Shimo tuliloliziba kwa sifa, nikalifukua kwa aibu. Vingi vilishasagwa na matairi. Nilipata vipande vitano vyenye viganja. Kimoja ni kile kisicho na kidole cha shahada. Cha Bibi hakikuwemo. Nilichimba siku tatu, hakikuwemo.

Dada akanifundisha kwa simu. Mimi na saruji tumezoeana, chokaa sikuijua. Inalowekwa wiki na wiki, huruhusiwi kuwa na haraka, na mimi haraka ndiyo kipaji changu. Alipokwama yeye, akasema, "Kaulize akina bibi hapo kijijini." Nikaenda nyumba kwa nyumba, shikamoo, shikamoo. Walinicheka, kisha wakaja.

Na dada akapata cha kuandika. Ameandika jinsi ukuta unavyouawa na mtu anayeupenda, na jinsi unavyorudishwa. Profesa amekubali. Mwezi uliopita dada akanitumia kitabu chenyewe kwenye simu. Sijui lugha, nikashuka na picha. Picha ya kumi na saba, aliyoipiga mwanafunzi mmoja siku ile: mimi! Nina shati la harusi ya mtu, mwiko mkononi, nimekenua mbele ya ukuta wa krimu. Nikamuuliza hapo chini pameandikwa nini.

"Mfano wa uharibifu uliofanywa kwa nia njema."

Kwa hiyo Ulaya nimefika. Niko maktaba ya chuo kikuu, kwa elimu ya darasa la saba. Wangapi mmefika?

Nawaonya sasa, hasa nyinyi mafundi wenzangu na nyinyi mlioachiwa funguo za nyumba za wazee. Ukiambiwa usiguse, weka mikono mfukoni! Kama mikono inawasha, nenda kapake mawe ya njiani. Na kama una ndugu anasoma kitu usichokielewa, muulize kabla hujamcheka. Mimi nilikuwa na simu kila Jumapili, ningeuliza swali moja tu, "Dada, hiyo chokaa ina kazi gani?" Sikuuliza. Nilikuwa natafuta kichekesho.

Juzi tumemaliza ukuta wa mbele. Vile vipande vitano tumevirudisha. Akina bibi wakabandika viganja vyao vipya kwenye chokaa mbichi, mmoja baada ya mwingine, wanacheka kama wasichana. Bibi akabandika chake palepale pembeni ya mlango, sasa kikubwa, kimekunjamana. Chini yake akaacha nafasi ya kutosha mkono mmoja.

Nikanawa haraka, nikainua kiganja. Akanipiga kofi la mkononi.

"Hiyo ni yako," akasema. "Lakini si leo."

"Bibi, chokaa itakauka!"

"Ikikauka, utasubiri tupige nyingine."